Nilivyooka Mkate wa Kifaransa Ndani ya Kichuguu

Wenzangu, mimi ni mtu mwenye diploma, na nalisema jambo hili mapema kabisa kwa sababu mkifika mwisho mtauliza, huyu naye diploma alipewa na nani? Nilipewa na Wabelgiji, Usumbura (Bujumbura ya leo), ina muhuri mwekundu na sahihi mbili, na inasema (kwa Kifaransa, lugha ambayo kijijini kwetu niliijua peke yangu) kwamba Masanja amehitimu kazi ya kuoka mikate. Hilo halina ubishi. Aibu niliyoipata mbele ya watu waliokuja kunichunguza kama nafaa kuoa kwao nayo haina ubishi, maana ilionwa na kijiji kizima, na wale walio hai mpaka leo wanaikumbuka kuliko wanavyoikumbuka miaka ya njaa.

Nilitoka nyumbani kwetu, upande wa Kharumwa, nikiwa na shati moja na miguu miwili, wala sikuwa na mjomba mkubwa wala barua ya mtu yeyote. Usumbura nilianza kwa kuosha masufuria ya hoteli, nikapanda nikawa mpasua kuni, nikapanda nikawa mchekecha unga, mpaka siku moja Mbelgiji mwokaji (tulimwita Bwana Hamira, kwa kuwa kila mwaka alizidi kuumuka) akaniachia donge nilikande mwenyewe. Miaka sita! Kisha nikarudi, meli mpaka Kigoma, treni mpaka Tabora, treni nyingine mpaka Shinyanga, halafu lori la pamba, na sanduku langu la bati ndani yake mna aproni nyeupe, kofia ndefu nyeupe ya mpishi na ile diploma imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilipoingia kijijini nilitembea taratibu, ili hata wenye macho mabovu wapate nafasi ya kuniona.

Sasa, mwezi wa tatu tangu nirudi, nilimpeleka mama Kolandoto kutibiwa macho, na kwenye foleni pale hospitali nikamwona Minza. Sitasema mengi juu ya uzuri wake kwa sababu yeye mwenyewe atasoma haya na kichwa kitamvimba. Alikuwa amemsindikiza shangazi yake, Mama Ngassa, mwanamke mrefu mkimya mwenye macho yanayokutazama mpaka unaanza kukumbuka madhambi yako. Nikarudi nyumbani nimeshakatika maini, nikamwambia baba, baba akatuma mtu kwao, na jibu likaja: kabla ya kuzungumza habari ya ng'ombe, shangazi na baba mkubwa wa binti watakuja kuutazama mji wetu na kumtazama kijana. Watakuja Jumamosi, asubuhi, watakula, wataondoka. Basi. Mambo yote ya maisha yangu yalining'inia kwenye mlo mmoja.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, hata haukuchukua muda wa kupiga chafya. Siku ya Ijumaa mama alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anatayarisha mtama wa ugali wa wageni, nami nikamshika bega nikamwambia, "Mama, acha kusaga. Kesho hakuna mtu atakayekula ugali hapa. Kesho familia hii inakula mkate wa Kifaransa."

Mama akanitazama. "Wageni wale mkate, halafu wale nini?"

"Wale mkate, washibe."

"Masanja mwanangu, mtu aliyetembea tangu alfajiri umpe mkate? Mkate ni wa chai. Mkwe asipopewa ugali atasema hakula."

"Mama, mimi nimesomea."

Neno hilo (nimesomea) nilikuwa nalitumia sana siku zile, na mama, ambaye alikuwa na heshima kubwa kwa karatasi zenye muhuri, akainuka, akakung'uta magoti, akaenda zake. Mdogo wangu Holo, ambaye hakuwa na heshima kwa karatasi ya aina yoyote, alikuwa anapepeta karanga pale pembeni, akacheka tu puani.

Wenzangu, mkate wa Kifaransa ni kitu rahisi kuliko ugali, na watu wanaoufanya uonekane mgumu hawakuhitimu. Unga wa ngano, maji, chumvi, hamira, basi. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna yai. Unga na hamira nilishavinunua Shinyanga kwa Mhindi. Kitu pekee nilichokosa ni tanuri. Usumbura tulikuwa na tanuri la matofali lenye mlango wa chuma, na kwetu palikuwa na mafiga matatu. Lakini mtu aliyejitengeneza mwenyewe hashindwi na tanuri, nikatoka nyuma ya mji, na huko nikakiona kichuguu.

Kilikuwa kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, upande mmoja umemomonyoka na kuota nyasi, udongo wake mgumu kama saruji. Nikasema, hili hapa tanuri, Mungu ameshalijenga, limebaki kutobolewa tu. Nikachukua sururu, nikavua shati, nikaanza kuchimba tundu kubwa upande unaoelekea nyumbani.

Mama akaja mbio. "Masanja! Kichuguu hicho kiko hai!"

"Mama, kimekufa. Tazama nyasi."

"Nyasi ziko upande huu. Upande wa pili kiko hai. Kila mwaka tunakula hapo."

"Mama, mimi nimesomea matanuri."

"Umesomea matanuri," akasema Holo, "mchwa hukuwasomea."

Nikachimba mpaka tundu likatosha mbuzi kulala, nikalisiriba ndani kwa udongo wa maji (ndoo tano nzima, na nyingine mbili zilimwagika chini ya kichuguu kwa sababu Holo alizitua vibaya, au mimi nilizipiga teke, tumegombana juu ya jambo hilo miaka mingi), nikawasha moto kidogo wa kulikausha. Mvua za kwanza za mwaka zilikuwa zimeshanyesha mara mbili, udongo umelowa vizuri, jua kali. Mtu mwingine yeyote wa kijiji kile, hata mtoto wa miaka mitano, angekusanya mambo hayo kichwani, maji, joto, mwezi wenyewe, akajua kinachokuja. Mimi nilikuwa na miaka sita ya Usumbura kichwani na nafasi ilikuwa imejaa.

Jumamosi nikaamka mapema, nikawasha moto mkubwa tanurini, nikavaa aproni, nikavaa kofia ndefu, nikatoa mlango wa zamani wa ghala nikauweka juu ya magogo mawili karibu kabisa na kichuguu ili uwe meza yangu. Habari ya mwanamume anayepika ilishazunguka kijiji, na saa mbili na nusu tayari palikuwa na watu kama ishirini wamesimama pale wanatafuna michembe ya viazi vitamu na kutoa maoni.

"Masanja, Usumbura wanawake wamekwisha?"

"Hiyo kofia ndefu ya nini, unaficha donge lingine?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mbali kidogo. Tangu nirudi baba alikuwa akinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeletwa mjini kwake bila maelezo. Nilitaka sana siku ile aone. Wakwe ni wakwe, lakini baba ndiye aliyekuwa amesema, siku ile nilipofungua kitambaa nikamwonyesha diploma, "Haina pembe," akairudisha.

Wageni wakafika saa tatu na kitu, mapema kuliko nilivyopiga hesabu. "Mwangaluka mayu!" akina mama wakapokeana, shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, Mama Ngassa akakalishwa kwenye mkeka na mzee Bundala, baba mkubwa wa Minza, akapewa kiti karibu na baba. Mzee Bundala alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyetembea njia ndefu, na jambo la kwanza alilofanya ni kunusa upande wa jikoni, akakuta hakunuki kitu.

Sikungoja wapate wasiwasi. Nikasimama nyuma ya mlango wa ghala nikawaeleza. Niliwaeleza Usumbura, hoteli, Bwana Hamira, muhuri mwekundu, na jinsi wakubwa wa serikali ya Ubelgiji walivyokula mkate wa mikono hii hii, na nilipoona Mama Ngassa ananitazama bila kupepesa nikadhani maneno yamemwingia, nikaongeza mengine. Kisha nikachukua donge.

Mkate huu haukandwi kwa kubembelezwa. Unainua donge juu, unalibamiza ubaoni, pa! unalikunja, unaliinua tena, pa! na ukifanya hivyo mara mia mbili linakuwa laini kama sikio la mtoto. Kwa kawaida mia mbili zinatosha. Siku ile, kwa sababu ya wakwe, nilipiga labda mia tano. Pa! pa! pa! pa! mlango unatetemeka, magogo yanatetemeka, ardhi yenyewe chini ya kichuguu inatetemeka, jasho linanitiririka, nami nimefumba macho kidogo kwa raha ya ufundi. Nikakata, nikaviringisha mikate mirefu mirefu (watu wakaanza, "Masanja, hiyo ni mikate au mipini ya majembe?"), nikaiacha iumuke, nikatoa makaa, nikaiingiza tanurini, mikate sita, na mwisho nikafanya lile jambo ambalo ndilo siri ya Wafaransa: nikasukuma ndani sufuria kuukuu yenye maji, ili mvuke upande na ganda liwe jembamba na lenye kulia. Fuuuu! Mvuke ukajaa. Nikaziba mdomo wa tanuri kwa jiwe na magunia yaliyolowa, halafu nikarudi kwenye donge la pili. Pa! pa! pa!

Sasa ngojeni niwaeleze kitu ambacho kila msomaji wa Usukuma ameshakijua na ananicheka tangu aya iliyopita. Wanawake wa kwetu wakitaka kumbikumbi watoke kichuguuni kabla ya wakati wao, hawangoji mvua. Wanamwaga maji kwenye kichuguu, halafu wanakaa wanapiga ardhi kwa vijiti, pa pa pa pa, na kumbikumbi huko ndani wanasikia unyevu, wanasikia mshindo, wanasema mvua hiyo, twendeni. Kazi hiyo ina jina lake. Inaitwa kuita.

Mama Ngassa alikuwa ameacha kuutazama mkate kitambo. Alikuwa anakitazama kichuguu, shingo ameiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Akasema kwa sauti ya chini, neno la kwanza aliloniambia tangu afike, "Kijana, unaita?"

Mimi nikadhani ananiuliza kama nawaita watu waje kula. Nikainua mikono yote miwili, donge likining'inia, nikajibu kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka Geita, "Ndiyo mama, naita! Naita wote! Waje wote, watatosheka!"

Wakaja wote.

Kwanza nilisikia kama karatasi inachanwa. Halafu kutoka upande wa pili wa kichuguu, ule aliosema mama kwamba uko hai, ukapanda moshi, nikasema moto umetoboa, lakini moshi ule ulikuwa unang'aa na una mabawa. Kumbikumbi! Wakatoka kwa maelfu, wakatoka kwa kila kitundu, wengine wakapenya kwenye nyufa za siriba yangu na kutokea juu ya tanuri, wakanijia usoni, wakaingia kwenye shingo ya shati, wakatua kwenye donge la pili na kunasa pale wakipiga mabawa mpaka donge zima likawa kama linataka kuruka. Nikapiga kelele. Nilipofungua kinywa kupiga kelele wakaingia na huko.

Na kijiji? Kijiji kilifurahi kama siku ya harusi! Hakuna aliyekumbuka mkate. Nyungo zikaja, ndoo zikaja, vitenge vikatandazwa, watoto wakawa wanadaka hewani na kutafuna hivyo hivyo wabichi. Mzee Bundala, mgeni, mtu wa heshima zake, alivua kofia akaanza kuchotea. Mama yangu alikuwa anacheka na kuita, "Holo, leta maji, leta maji wasije wakaacha!" na Holo akaleta ndoo ya maji akaimwaga juu ya kichuguu, sawasawa pale juu ya tanuri langu, nami nikasikia huko ndani paa likishuka, puu, juu ya mikate ya watu walionipa diploma.

"Holo!"

"Si umesema waje wote?"

Nikachokoa mikate kwa fimbo. Ilitoka minne, miwili ikabaki kaburini. Ilikuwa myeusi, imepinda, ina udongo mgongoni, na pande zake kumbikumbi wamekaukia na mabawa yao kama mapambo. Vijana wakauchukua mmoja wakaugonga kwenye jiwe, ko, ko, ko. Mmoja akaomba apewe ule ulionyooka kidogo, jembe lake limevunjika mpini. Mwingine akasema hapana, huo ni mchi, apelekewe mama yake. Baba yangu, wenzangu, baba yangu ambaye hakucheka tangu nirudi, alikuwa ameinama kwenye kigoda chake ameshika mbavu, machozi yanamtoka.

Hapo nikasema moyoni, Minza amekwenda. Wageni hawana ugali, mkate ni mchi, tanuri limezikwa, na mimi nina mabawa nyusini. Limebaki jambo moja tu la kuokoa heshima yangu: niwaonyeshe kwamba mkate ndani ni mzima, kwamba ganda ndilo hivyo, Wafaransa wanalipenda hivyo, halafu niwape hotuba. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, yenye majibu kwa kila aliyenicheka, na jina la kila mmoja, na hali ya choo cha kila mmoja. Nikachukua mkate, nikasimama mbele ya mkeka wa Mama Ngassa, nikauma kwa nguvu zangu zote.

Ganda lilinipasua mdomo. Likapita, jino langu la mbele likatikisika kwenye mzizi, na ndani, ambako moto haukufika, mlikuwa na unga mbichi mzito kama ulimbo, ukashika meno ya juu na ya chini ukayafunga pamoja. Nikavuta. Hayakuachana. Nikajaribu kusema "Hivi ndivyo" ikatoka "Mmm."

"Anasemaje?" wakauliza.

"Mmm," nikasema.

Watu wakanicheka, nami nimesimama. Wakanipa majina, Bwana Mchi, Bwana Mwita-Kumbikumbi, Diploma ya Mchwa, nami nimesimama, mikono nimeikunja mbele ya aproni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuiweka, kichwa nimekiinamisha kwa sababu damu ya mdomo ilikuwa inataka kudondoka na sikutaka ionekane. Nusu saa nzima! Sijawahi kukaa kimya nusu saa tangu nizaliwe. Mama akawakaanga kumbikumbi kwa chumvi, akachemsha michembe, wageni wakala mpaka mzee Bundala akalegeza mkanda, nami nikawaletea maji ya kunawa, nikawapokea mikono, nikainamia kila mmoja, bila neno, meno yameshikamana.

Walipoinuka kuondoka, Mama Ngassa alisimama mbele ya baba.

"Baba Masanja," akasema, "tutasema ukweli. Tulipokuwa tunakuja hatukuwa na nia ya kukubali. Tulikwishasikia kwamba kijana wenu amerudi na mdomo mkubwa, na asubuhi hii tumefika tukamkuta anasema, anasema, nikamwambia Mzee Bundala, tule twende zetu. Lakini leo amechekwa na kijiji kizima, amechekwa na mdogo wake, amechekwa na baba yake, na hakumjibu mtu hata neno moja. Ametunawisha mikono ameinama. Mwanamume anayeweza kuchekwa namna ile akanyamaza, huyo hatampiga mtoto wetu. Leteni mshenga tuzungumze."

Baba akanigeukia. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno elfu.

"Mmm," nikasema, nikainama zaidi.

Nilimwoa Minza baada ya mavuno. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, ingawa siku ya tatu, nilipokuwa namweleza kwa mara ya nne habari za hoteli ya Usumbura, alinikatiza akaniuliza kwa upole, "Yule mtu mkimya aliyesifiwa na shangazi, yuko wapi?" Nikamwambia amesafiri. Akaniambia akirudi nimjulishe.

Mikate naoka mpaka leo, na watu wa machimboni Geita watawaambia ilivyo mizuri, lakini niliapa siku ile ile, huku Holo akinibandua unga menoni kwa kijiti, kwamba sitabamiza tena donge karibu na kichuguu, hata kile wanachosema kimekufa, na kwamba mwanamke wa kwetu akiniambia kitu kiko hai nitavua kofia nimwitikie. Kiapo hicho nimekishika. Na kingine niliongeza baadaye peke yangu, sikumwambia mtu: kila nikisikia Mama Ngassa yuko njiani kuja kututembelea, natia kipande kikubwa cha mkate kinywani kabla sijatoka nje kumpokea.